Mkono, Umeme na Mashine: Nafasi ya Kundi Linganishi katika Historia ya Usisimuaji wa Ubongo na Tiba ya Roboti baada ya Kiharusi, 1870–2021

1.0 Utangulizi

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika katika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba au kwa sababu umepasuka. Mgonjwa akinusurika, mara nyingi upande mmoja wa mwili hubaki umepooza au dhaifu. Mguu huweza kurudi kiasi cha kumwezesha kutembea, lakini mkono huchelewa, na kwa wengi haurudi kikamilifu. Mtu asiyeweza kukunja vidole vyake hawezi kushika jembe, kufunga kifungo wala kukuna nazi. Kwa wagonjwa wengi, basi, urejeo wa mkono ndio unaoamua iwapo mtu atajitegemea au ataishi kwa mikono ya ndugu zake.

Tangu mwishoni mwa karne ya 20, tiba mbili zimebeba matumaini makubwa ya kuurejesha mkono huo. Ya kwanza ni usisimuaji wa ubongo, yaani kupitisha umeme au nguvu ya sumaku katika sehemu za ubongo zinazotawala mwendo. Ya pili ni tiba ya roboti, ambapo mashine huushika mkono wa mgonjwa na kuusaidia kurudia miondoko mara nyingi. Makala haya yanafuatilia historia ya tiba hizo tangu chimbuko lake hadi mwaka 2021, kwa kutumia taarifa zilizochapishwa za majaribio ya kimaabara na ya kitabibu.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba historia hii husimuliwa zaidi kama historia ya vyombo, ilhali kilichoamua mwelekeo wake ni jambo lisilovutia macho: kundi linganishi, yaani wagonjwa ambao hawakupewa chombo kinachojaribiwa. Kundi hilo lilipopewa kidogo, chombo kilionekana kushinda. Lilipopewa saa zilezile za mazoezi, ushindi kwa kawaida ulipungua au ulitoweka. Msomaji anayetaka kujua thamani ya chombo hana budi kuanza kwa kuuliza waliokikosa walipewa nini.

2.0 Umeme na Ramani ya Mwendo, 1870–1937

Hadi katikati ya karne ya 19, wataalamu wengi waliamini kuwa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, halisisimki kwa umeme. Mwaka 1870 Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, wakifanya kazi Berlin, waliitikisa imani hiyo. Walipopitisha mkondo hafifu katika sehemu ya mbele ya gamba la ubongo wa mbwa, misuli ya upande wa pili wa mwili ilijikunja. Miaka michache baadaye, David Ferrier aliyapanua majaribio hayo nchini Uingereza na kuonesha kwamba sehemu mbalimbali za gamba la ubongo wa kima hutawala sehemu mbalimbali za mwili.

Hatua ya kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu ilichukuliwa kwa namna inayostahili kukumbukwa kwa tahadhari. Mwaka 1874, huko Cincinnati, daktari Roberts Bartholow alichoma sindano zenye umeme katika ubongo wa Mary Rafferty, mtumishi wa ndani ambaye fuvu lake lilikuwa limeliwa na kidonda cha saratani. Mkono na mguu wa upande wa pili vilijikunja. Mkondo ulipoongezwa, mgonjwa alipata degedege, na siku chache baadaye alifariki. Bartholow alishutumiwa vikali na wenzake, naye mwenyewe alikiri kwamba kulirudia jaribio la namna hiyo kungekuwa kosa la jinai. Tangu mwanzo, kwa hiyo, maarifa kuhusu umeme na mkono yalipatikana kwa gharama kubwa iliyobebwa na mgonjwa.

Ramani iliyo kamili zaidi ilitokana na kazi ya upasuaji ya Wilder Penfield mjini Montreal. Mwaka 1937, yeye na Edwin Boldrey walichapisha matokeo ya kusisimua ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji. Ramani hiyo iliupa mkono, na hasa vidole, eneo kubwa kuliko ukubwa wake halisi mwilini. Hata hivyo, ilieleweka na wengi kama ramani isiyobadilika. Eneo la mkono likifa, ilidhaniwa, mkono umepotea.

3.0 Kutoka Kukata Tamaa hadi Mazoezi, 1895–2006

Dhana ya ramani isiyobadilika ilipingwa polepole, na waliotangulia kuipinga hawakuwa na mashine yoyote. Mwaka 1951, Thomas Twitchell alichapisha uchunguzi wake wa wagonjwa 121 waliopooza upande mmoja. Alionesha kwamba urejeo una mpangilio: kwanza mkono hulegea, kisha misuli hukaza, halafu hutokea miondoko ya jumla ya mkono mzima, na mwishowe, kwa baadhi ya wagonjwa, miondoko ya kiungo kimoja kimoja. Kila mgonjwa aliweza kukwama katika hatua yoyote. Uchunguzi huo ulifundisha kwamba mkono baada ya kiharusi una safari yake. Iliyobaki ni kujua kama safari hiyo yaweza kusukumwa.

Jibu la awali lilitoka kwa kima. Mwaka 1895, Frederick Mott na Charles Sherrington walikuwa wameonesha kwamba kima aliyekatwa neva za hisia za mkono mmoja huacha kuutumia, ingawa neva za mwendo zi salama. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, Edward Taub alionesha kwamba mkono huohuo hurudi kazini mkono mzima unapofungwa. Kwa maelezo yake, mnyama alikuwa amejifunza kutoutumia mkono kwa kuwa kila alipojaribu alishindwa. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa tiba ambayo mgonjwa wa kiharusi huvalishwa glovu nene katika mkono mzima, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi.

Mwaka 1996, Randolph Nudo na wenzake walitoa ushahidi wa ndani ya ubongo wenyewe. Walisababisha kiharusi kidogo katika eneo la mkono la kima wadogo wa Amerika ya Kusini, kisha wakawazoeza kuchukua vipande vya chakula kutoka katika vishimo vidogo. Kwa wanyama walioachwa bila mazoezi, eneo la mkono lililosalia lilizidi kupungua. Kwa waliozoezwa, eneo hilo lilihifadhika, na kwa baadhi lilienea hadi katika maeneo yaliyokuwa ya kiwiko na bega. Ramani ya Penfield, basi, ilikuwa picha ya siku moja.

Jaribio kubwa la tiba ya Taub kwa binadamu lilichapishwa mwaka 2006 nchini Marekani. Wagonjwa 222, waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, waligawanywa kwa kubahatisha. Waliopata tiba hiyo kwa wiki mbili waliendelea vizuri kuliko wenzao, na faida ilionekana hata baada ya mwaka. Matokeo hayo ni ya thamani. Hata hivyo, kundi linganishi lilipata huduma ya kawaida tu, ambayo kwa wengine ilikuwa kidogo au haikuwapo. Jaribio lilithibitisha kuwa mazoezi mengi hushinda mazoezi machache. Halikuonesha iwapo siri imo katika glovu au katika saa.

4.0 Mashine na Saa za Mazoezi, 1989–2019

Kwa nini roboti? Sababu yaonekana wazi tukihesabu marudio. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 na Catherine Lang na wenzake, uliofanyika katika vituo vya Marekani na Kanada, ulikuta kwamba katika kipindi cha tiba ambacho mkono ulifanyishwa kazi zenye lengo, wastani wa marudio ulikuwa 32 tu. Kima wa maabara walikuwa wakirudia tendo lao mara mamia kwa siku. Pengo hilo halikutokana na uvivu wa wataalamu wa fiziotherapia. Mtaalamu ana mikono miwili, mgongo unaochoka na foleni ya wagonjwa mlangoni.

Neville Hogan na Hermano Igo Krebs, wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts, walianza mwaka 1989 kuunda mashine iliyoitwa MIT-Manus. Mgonjwa hukaa mezani, mkono wake hufungwa kwenye mpini wa roboti, naye hufuata alama katika kioo kwa kusogeza kiwiko na bega. Ubora wa mashine hiyo ulikuwa katika upole wake. Tofauti na roboti za viwandani, ilikubali kusukumwa na mkono dhaifu, na iliusaidia pale tu uliposhindwa kuendelea.

Jaribio lake la kwanza lenye makundi mawili lilichapishwa mwaka 1997 na Mindy Aisen na wenzake katika jimbo la New York, likiwa na wagonjwa 20. Waliofanya mazoezi na roboti walionesha maendeleo makubwa zaidi ya mwendo wa bega na kiwiko. Lakini mazoezi hayo yaliongezwa juu ya tiba ya kawaida, ilhali kundi linganishi liliifikia mashine kwa muda mfupi tu. Tulichokiona katika glovu ya Taub kinajirudia hapa: saa na chombo vilikwenda pamoja, na haikuwezekana kuvitenganisha.

Utenganisho ulifanyika mwaka 2010, katika jaribio la hospitali za maveterani wa Marekani lililoongozwa na Albert Lo. Wagonjwa 127, ambao kiharusi chao kilikuwa na umri wa miezi 6 au zaidi, waligawanywa katika makundi matatu: 49 walitumia roboti, 50 walipata tiba nzito ya mtaalamu yenye marudio yaliyolinganishwa na ya roboti, na 28 walipata huduma ya kawaida. Makundi mawili ya kwanza yalipangiwa vipindi 36 katika wiki 12. Mwisho wa wiki 12, roboti haikuwa imeishinda huduma ya kawaida kwa tofauti ya kuaminika. Wiki ya 36 iliishinda kwa takriban pointi 3 katika kipimo cha Fugl-Meyer, ambacho kwa mkono kina pointi 66. Dhidi ya tiba nzito ya mtaalamu, roboti haikushinda wakati wowote.

Jaribio kubwa zaidi, lililoitwa RATULS, lilifanyika Uingereza chini ya Helen Rodgers na kuchapishwa mwaka 2019. Lilikuwa na wagonjwa 770. Roboti ileile ya Massachusetts ilitumika kwa dakika 45, siku tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Kundi la pili lilipewa mazoezi ya mtaalamu kwa muda huohuo, na la tatu huduma ya kawaida. Waliofikia kiwango cha mafanikio kilichopangwa walikuwa asilimia 44 kwa roboti, asilimia 50 kwa mazoezi ya mtaalamu na asilimia 42 kwa huduma ya kawaida. Tofauti hizo hazikutosha kuthibitisha ushindi wa yeyote.

5.0 Nadharia ya Mizani na Hatima Yake, 1985–2018

Wakati roboti zikikua, umeme ulirudi bila kisu. Mwaka 1980, Merton na Morton walionesha kwamba ubongo wa binadamu waweza kusisimuliwa kwa umeme kupitia ngozi ya kichwa, ingawa kwa maumivu. Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield walifanya hivyo kwa mpigo wa sumaku, karibu bila maumivu. Mwaka 2000, Michael Nitsche na Walter Paulus mjini Göttingen walionesha kwamba mkondo mdogo wa takriban miliampia moja, unaopitishwa kwa sponji zilizoloweshwa, huongeza au hupunguza wepesi wa gamba la mwendo kusisimka, na athari hubaki kwa dakika kadhaa baada ya mkondo kuzimwa.

Vyombo hivi vilikutana na nadharia iliyopendeza kwa wepesi wake. Nusu mbili za ubongo, ilisemwa, huzuiana kama sahani mbili za mizani. Kiharusi kikiidhoofisha moja, nyingine huilemea. Mwaka 2004, Murase na wenzake walichapisha ushahidi kwamba kwa baadhi ya wagonjwa nusu nzima huendelea kuizuia ile iliyoumia hata mkono dhaifu unapokaribia kusogea. Tiba ilijitokeza yenyewe: nusu iliyoumia isisimuliwe, au ile nzima itulizwe. Mwaka 2005, Hummel na wenzake waliripoti kwamba wagonjwa 6 walifanya kazi za mkono kwa haraka zaidi walipopata mkondo halisi kuliko walipopata wa bandia.

Majaribio makubwa hayakuifuata njia hiyo. Mwaka 2008, kampuni ya Northstar Neuroscience ya Marekani ilitangaza kwamba jaribio lake la kupandikiza elektrodi juu ya utando wa ubongo, lililohusisha wagonjwa 164, halikufikia lengo lake. Mwaka 2018, Richard Harvey na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 199 waliopata mipigo ya sumaku ya kuituliza nusu nzima, ya kweli au ya bandia, kabla ya mazoezi. Baada ya miezi sita, asilimia 67 ya waliopata mipigo ya kweli na asilimia 65 ya waliopata ya bandia walikuwa wamepata maendeleo yenye maana.

Takwimu hii ya mwisho yafaa kusomwa mara mbili. Kwa aliyetazama sumaku, jaribio lilishindwa. Kwa aliyewatazama wagonjwa, takriban wawili kati ya kila watatu waliendelea mbele kwa kipimo cha kuonekana, wakiwamo waliokuwa chini ya sumaku isiyofanya kazi, katika kipindi ambacho zamani kiliitwa cha kukata tamaa. Wote walikuwa wamefanya mazoezi yaleyale.

6.0 Muungano wa Umeme na Roboti

Wazo la kuunganisha tiba hizi mbili lilikuwa la busara: umeme uulainishe ubongo, kisha roboti iukande. Stefan Hesse wa Berlin na wenzake waliunganisha mkondo hafifu na roboti ya mikono miwili kwa wagonjwa 96 waliokuwa bado katika wiki za mwanzo baada ya kiharusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakuonesha tofauti kati ya mkondo halisi na wa bandia. Mwaka 2019, Dylan Edwards na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 77 wa kiharusi cha muda mrefu waliopata vipindi 36 vya roboti, vikitanguliwa na mkondo halisi au wa bandia. Makundi yote mawili yaliendelea mbele, na mkondo haukuongeza kitu.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba umeme hauna nafasi. Mwaka 2021, Jesse Dawson na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 108 wa Uingereza na Marekani waliopandikizwa kifaa cha kusisimua neva ya vagasi shingoni. Makundi yote mawili yalipasuliwa, na yote yalifanya mazoezi yaleyale kwa wiki sita. Tofauti ilikuwa kwamba kundi moja lilipata mpigo kamili wa umeme katika kila mwondoko. Kundi hilo lilipanda kwa pointi 5.0 katika kipimo cha Fugl-Meyer, na lile linganishi kwa pointi 2.4. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa hicho. Ushindi huu una uzito kwa sababu ulipatikana dhidi ya kundi lililonyimwa kitu kimoja tu. Yafaa pia kuona kwamba hapa umeme ulifungamanishwa na tendo lenyewe, badala ya kulitangulia.

7.0 Mjadala

Kutokana na mfululizo huu, yawezekana mtu akadai kwamba tiba ni saa, na mashine ni pambo. Dai hilo linahitaji kupimwa kwa kipimo kilekile. Katika RATULS, mazoezi ya ziada ya mtaalamu nayo hayakuthibitika kuishinda huduma ya kawaida. Watetezi wa saa hujibu kwamba saa 27 ni chache. Huonesha programu ya Queen Square, London, ambapo wagonjwa 224 walipewa saa 90 katika wiki tatu na wakaendelea vizuri. Huonesha pia jaribio la McCabe na wenzake la mwaka 2015, ambapo makundi matatu, moja likiwa na roboti, yalifanya mazoezi kwa takriban saa 300 na yote yakapanda bila kupishana. Lakini Queen Square haikuwa na kundi linganishi, na jaribio la McCabe halikuwa na kundi la saa chache. Hoja ya saa ina nguvu, ila bado haijapita katika mlango ambao mashine zililazimishwa kupita.

Mjadala huu una uhusiano wa moja kwa moja na Tanzania. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ukiongozwa na Richard Walker, ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vikubwa vilivyowahi kuripotiwa duniani. Wagonjwa hawa wanapohitaji utengamao, anayekaa nao kutwa ni mke, mume, mtoto au dada, wala si mashine. Mwenye mamlaka ya kununua vifaa akioneshwa roboti au kofia ya umeme pamoja na grafu inayopanda, swali la kwanza aulize ni hili: wale wa mstari wa chini walipewa nini?

Swali hilo halipingi mashine. Roboti haichoki, hupima kila mwondoko, na mtaalamu mmoja aweza kusimamia wagonjwa kadhaa kwa wakati mmoja. Pale ambapo tiba nzito ya mtaalamu haipatikani kabisa, kulingana nayo ni sifa kubwa. Lakini sifa ya kulingana hununuliwa kwa bei tofauti na sifa ya kushinda, na historia iliyopitiwa hapa inaonesha kwamba mara nyingi ya kwanza ndiyo iliyothibitishwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia njia mbili, ya umeme iliyoanza Berlin mwaka 1870 na ya mashine iliyoanza Massachusetts mwaka 1989, hadi zilipokutana kichwani na mkononi mwa mgonjwa mmoja. Imebainika kwamba mafanikio ya awali ya kila chombo yalitegemea kwa kiasi kikubwa uchache wa walichopewa wengine. Imebainika pia kwamba majaribio yanayoitwa yaliyoshindwa yalirekodi jambo ambalo kizazi cha Penfield hakikulitarajia: mkono uliopooza kwa miezi au miaka waweza kuendelea mbele ukifanyishwa kazi. Ushahidi huo umo katika safu za wagonjwa waliovaa elektrodi zisizo na umeme, na haujasomwa vya kutosha. Makala haya yanapendekeza kwamba watafiti wa historia ya tiba wazichambue safu hizo kwa upya, na kwamba jaribio lolote la utengamao litakalofanyika nchini lieleze kwa saa na kwa marudio kile ambacho kundi linganishi lilifanya.